Kipimo cha Karai Arobaini

Nilipoajiriwa kwenye mashamba ya chumvi, kati ya Mambrui na Ngomeni, nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sifa yangu ilikuwa moja tu, mwandiko. Meneja alinipa kalamu akaniambia niandike jina langu na la baba yangu. Akaiinua karatasi, akaitazama kama mtu anayetazama kitambaa dukani, akasema, "Anza Jumatatu." Baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani pale Mambrui, aliwaambia watu msikitini kwamba bintiye amekuwa karani. Katika mtaa wetu hapakuwa na mwanamke aliyewahi kuwa karani.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika nani amekuja na nani hakuja. Maji ya bahari yaliingizwa kwenye vidimbwi vipana tulivyoviita majaruba, yakaachwa juani mpaka yakakauka na kubakiza ganda jeupe. Hapo wanawake waliingia na mbao zao za kukwangulia, wakaikusanya chumvi, wakaijaza kwenye makarai na kuibeba kichwani hadi kwenye tuta kubwa lililokuwa kando ya barabara. Wengi wao walikuwa Wagiriama wa huko ndani, wakikaa kwenye vibanda karibu na shamba na kurudi makwao mwisho wa mwezi. Wachache walikuwa wa Ngomeni. Chumvi iliwala miguu. Aliyekuwa na viatu vya tairi alivaa. Asiyekuwa navyo alijifunga matambara, na kufikia alasiri matambara hayo yalikuwa yamekauka kama magome. Mimi nilikaa kwenye kibanda cha mabati, kivulini, nimevaa ndara safi.

Miongoni mwao alikuwako mama mmoja wa Vitengeni, mrefu, mwenye shingo iliyonyooka hata asipobeba kitu. Wiki yangu ya kwanza, wenzake wakinitazama kwa jicho la pembeni kwa sababu ya kile kivuli, yeye aliniletea muhogo wa kuchemsha uliofungwa kwenye jani la mgomba.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu karani. Kula. Kuandika nako ni kazi."

Tangu siku hiyo kila alipotoka kwao aliniletea kitu, mahindi ya kuchoma, kunde, na mara moja kuku mzima aliyefungwa miguu. Sikuwahi kumletea chochote. Sikuona kwamba natakiwa.

Bwana wa tija alikuja katika mwaka wangu wa pili. Alikuwa afisa kutoka wizarani, mtu wa bara, mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alisema serikali ilikuwa imemzungusha nchi jirani kwa miezi mitatu ili ajifunze jinsi wenzetu walivyoongeza tija ya wafanyakazi wao. Tulikusanywa ghalani. Wanawake wakakaa juu ya magunia ya chumvi, na yeye akasimama juu ya mizani ile kubwa ya kupimia magunia, kwa kuwa ndipo palipokuwa pamenyanyuka kidogo.

"Tija," alisema, "ni mtu yule yule, mkono ule ule, siku ile ile, na kazi zaidi."

Bibi mmoja wa Ngomeni, mzee kuliko wafanyakazi wote, akauliza, "Na chakula, bwana, ni kile kile?"

Watu wakacheka. Afisa naye akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake. "Bibi," alisema, "majirani zetu hawakuanza kwa kuuliza hilo. Walianza kwa kazi." Akatueleza kwamba nchi moja jirani imewagawa wafanyakazi wake kwa vikosi, na kila kikosi kina bendera. Nyingine imemwekea kila mtu kipimo cha siku, na asiyekifikia humpisha mwenzake. "Sisi tunakaa tukijisifu kwamba tumewapita," alisema. "Wanakuja nyuma yetu wanakimbia."

Baada ya mkutano aliniita pembeni. Alitaka kujua ni nani mwenye nguvu kuliko wote na asiyelalamika. Nilimtaja mama wa Vitengeni hata kabla hajamaliza kuuliza. Akaniambia atampima kazi yake ya asubuhi moja, ila nisimweleze yule mama kipimo ni cha nini. Mtu akijua anapimwa, alisema, kazi yake hubadilika. "Mwambie ni mashindano."

Basi nilikwenda kwa mama wa Vitengeni, nikamwambia kuna mashindano, na mshindi atapewa cheti.

"Chenye muhuri?" akauliza.

"Chenye muhuri."

"Na jina langu?"

"Na jina lako. Nitaliandika mwenyewe."

Hakujua kusoma. Akaniuliza kama cheti hicho kinaweza kutiwa ndani ya kioo.

Siku ya kupima alikuja amejifunga hando lake, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, kwa kamba mbili ili lisimlegee. Afisa alisimama kwenye ukingo wa jaruba na saa yake ya kubonyeza, mimi nikakaa na karatasi nikipiga mistari, mstari mmoja kwa kila karai lililofika kwenye tuta. Siku za kawaida, mtu hodari alifikisha makarai ishirini na tano kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita. Yeye alikuwa na ishirini na tano kabla ya saa nne. Wenzake waliacha kazi wakamtazama. Walimpigia vigelegele, wakamsukuma kwa maneno, na yule bibi wa Ngomeni alimtembelea mara kwa mara na kibuyu cha maji. Ilipogonga saa sita alimwaga karai la arobaini, akapiga magoti pale pale kwenye tuta. Hakuweza hata kushika kikombe. Nilimshikia mimi.

"Nimeshinda?" akauliza.

"Umeshinda, mama."

Cheti alipewa. Jina lake niliandika kwa wino mweusi, herufi za kuviringa, na mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri kama siku ile. Alikishika kwa ncha za vidole ili asikitie chumvi.

Jumatatu iliyofuata ubao ulitundikwa nje ya kibanda changu, na juu yake nambari arobaini kwa rangi nyekundu. Meneja akawasomea masharti. Kuanzia siku ile kila mfanyakazi atafikisha makarai arobaini kabla ya saa sita. Atakayeshindwa mara tatu katika wiki moja jina lake litasomwa Ijumaa, na Jumamosi asije. "Na msiniambie haiwezekani," alisema. "Mmeona wenyewe kwa macho yenu. Mlikuwa mkipiga vigelegele."

Wanawake wote waligeuka wakamtazama mama wa Vitengeni.

Alikuwa bado hajaelewa. Alinitazama mimi, kama mtu anayengoja kutafsiriwa jambo. Nikainamia karatasi zangu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akilala naye kibanda kimoja, akichangia naye sufuria moja, ndiye aliyemwambia. "Umetuuza kwa karatasi."

Tangu hapo hawakumsemesha. Walihamisha mafiga yao, akapika peke yake. Akipita na karai, walimpisha kwa mbali kama anayepisha mgonjwa wa ndui. Siku moja adhuhuri alichukua kibuyu chake, akagugumia maji, yakamtoka puani. Walikuwa wamemtilia maji ya jaruba, yale mazito ya mwisho yanayokaribia kuwa chumvi. Alikohoa mpaka akakaa chini, macho yanamtoka machozi, na wanawake wakacheka, kicheko kikapita jaruba hadi jaruba. Nami nilicheka. Ningeweza kusema nilicheka kwa woga, lakini si kweli. Kilikuwa kichekesho kumwona mtu mrefu vile amekaa matopeni. Aliinua kichwa akaniona nacheka, akapangusa mdomo, akarudi kazini.

Ijumaa ya kwanza kulikuwa na majina manne. Afisa alitaka niyasome mimi, si meneja, kwa kuwa sauti ya mwanamke haileti ghasia. La kwanza lilikuwa la bibi wa Ngomeni.

"Soma tena, mjukuu wangu," alisema. "Sikusikia."

Nikasoma tena.

"Masikio yangu mabovu. Tena."

Nikasoma mara ya tatu, na ya nne. Alikuwa akisikia vizuri. Watu wote walijua anasikia vizuri. Alinisomesha jina lake mpaka sauti yangu ikakatika, ndipo akajitanda leso yake kichwani, akaondoka kwa mguu kufuata njia ya Ngomeni bila kumuaga mtu.

Nilimwambia afisa kwamba bibi yule alikuwa na wajukuu watatu na hakuwa na mtoto hai. Alinisikiliza kwa adabu, hakunikatiza hata kidogo. "Hatupimi mtu, dada," alisema. "Tunapima kazi. Huko nilikotembelea, karani aliyeshindwa kutofautisha mambo hayo mawili hakudumu." Kisha akaniambia kwamba wizara inapanga kupeleka ujumbe upande wa pili wa mpaka, na kwamba angependa mmoja wa wajumbe awe karani hodari wa pwani. Mpaka wa kusini ulikuwa umefungwa miaka mingi na sasa umefunguliwa, wakubwa wa pande zote mbili wakawa na hamu ya kutembeleana. Mimi sikuwahi kufika hata Mombasa zaidi ya mara moja.

Mguu wa mama wa Vitengeni ulianza kwa ufa mdogo kisiginoni. Kila mtu alikuwa na nyufa, nasi hatukuzijali. Lakini ili aendelee kufikisha arobaini, yeye ambaye arobaini ilikuwa yake, alilazimika kukaa ndani ya jaruba saa zote bila kupumzisha mguu, na ule ufa ukawa kidonda, kidonda kikapanda. Alikifunga kwa majani aliyoyajua yeye, na juu yake tambara. Wiki ile ilipofika Jumatano alikuwa ameshindwa mara mbili. Alhamisi saa sita alikuja kibandani kwangu, akaegemea kizingiti. Harufu ya mguu iliingia kabla yake.

"Mwanangu karani, nina ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Niandikie mbili."

Afisa alikuwa amekwenda Malindi. Meneja alikuwa amelala nyumbani kwake. Hapakuwa na mtu ila mimi na yeye, na karatasi ilikuwa mbele yangu, na mistari miwili ya kalamu isingegundulika na mwanadamu yeyote.

"Sitakuomba tena," alisema. "Jumapili nakwenda kwa mganga, Jumatatu mguu utakuwa umepoa. Mbili tu."

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

Niliogopa kwamba mwenzake mmoja akijua atasema, na afisa akisikia safari yangu itavunjika. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, safari. Nilikuwa tayari nimempa baba kitambaa anishonee nguo mbili.

Kesho yake nililisoma jina lake, la pili kwenye orodha. Hakuniambia nirudie. Alilisugua karai lake kwa mchanga mpaka likang'aa, akalileta kibandani, akaliweka mezani palepale alipozoea kuweka muhogo. "Lisije likampa mwingine kidonda changu," alisema. Wanawake wawili kati ya wale waliomtilia maji ya chumvi walimshika makwapa wakamsindikiza mpaka kwenye lori linalokwenda Malindi. Walikuwa wakilia. Sijui kwa nini walilia hapo na si kabla.

Tulisafiri wiki tatu baadaye, maafisa watano, afisa wetu na mimi. Tulivuka Lunga Lunga, tukalala Tanga, na asubuhi tukapelekwa kwenye shamba la chumvi pwani, si mbali na mji. Niliposhuka nilidhani nimerudi kwetu. Majaruba yalikuwa yale yale, na wanawake vile vile, na matambara miguuni. Tofauti ilikuwa kwamba wao walikuwa wakiitana ndugu.

Wakakusanywa. Mkubwa wao akapanda juu ya gunia. Alizungumza Kiswahili kizuri sana.

"Ndugu zangu," alisema, "mnalalamika kwamba kipimo cha makarai thelathini ni kikubwa. Wageni hawa wametoka Kenya. Huko kwao, kwenye chumvi kama hii na jua kama hili, kuna mwanamke anayefikisha arobaini kabla ya adhuhuri, na sasa shamba zima linamfuata. Jirani zetu wanatuacha nyuma. Kuanzia mwezi ujao, nasi ni arobaini."

Nilimgeukia afisa wetu. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali, na hakuonyesha kushangaa. Nilikuja kujua baadaye kwamba hakuna jirani yeyote aliyekuwa akitukimbilia nyuma kama alivyotuambia ghalani. Alikuwa amewapelekea hawa nambari yetu kwa barua, nao wakamwalika.

Mkubwa yule akaniomba nisimame. "Huyu dada ni karani wa shamba hilo. Alihesabu kwa mkono wake. Dada, tuambie, ni kweli au si kweli?"

Wanawake wote walinitazama. Mbele kabisa alikuwa mmoja mjamzito, mkono kiunoni.

"Ni kweli," nikasema.

"Huyo mama yupo?" akauliza yule mjamzito.

"Yupo."

"Na bado anafanya kazi?"

Afisa wetu alikohoa kidogo. Nikasema, "Bado anafanya."

Yule mjamzito akatema mate chini, si kwangu, kando. "Mungu asimpe miguu," alisema, na wenzake wakaitikia kwa sauti ya chini, kama wanaoitikia dua.

Nilinunua leso Tanga, jozi nzuri, na niliporudi nilichukua siku moja ya ruhusa nikaenda Vitengeni. Nilikuwa sijawahi kufika. Niliuliza sokoni, nikaelekezwa. Nilimkuta amekaa uani kwenye mkeka, mguu umenyooshwa mbele, umefungwa, na chini ya kifundo hapakuwa na kitu. Walikuwa wameukata hospitali. Mke mwenzake alikuwa akipura mahindi kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu karani. Karibu. Mleteeni maji."

Alinipokea kama anayenipokea kila siku. Cheti kilikuwa ukutani mwa nyumba ya udongo, ndani ya kioo. Nikampa leso, akaipapasa, akaisifu, akauliza imetoka wapi. Nikamweleza safari. Na kwa kuwa sikuwa na la kumpa zaidi ya leso, nikamwambia habari ile kwa namna ambayo nilidhani itamfurahisha, kwamba sifa yake imevuka mpaka, kwamba wakubwa wa nchi nyingine wametaja arobaini yake mbele ya watu.

Hakufurahi. Aliacha kuipapasa leso.

"Wamewawekea na wao?"

"Ndiyo."

"Na wanaoshindwa?"

"Wanarudishwa makwao."

"Wangapi wamerudishwa?"

"Sijui, mama."

"Unajua," alisema. "Wewe ni karani."

Mke mwenzake aliacha kupura. Kuku waliingia kwenye mahindi, na hakuna aliyewafukuza. Nilikaa mpaka nilipoona nimekaa kwa heshima ya kutosha, nikaaga. Hakunizuia. Alisema nipite upande wa mnazi, njia ya upande mwingine ina mbwa.

Mpango wa tija haukudumu. Haukufika miaka miwili. Wizara ilileta afisa mwingine aliyetembelea majirani wengine, naye alitaka vikao na masanduku ya maoni, na nambari ile ikapakwa rangi nyeupe. Kipimo kilishushwa hadi thelathini, wanawake wakashukuru sana, wamesahau kwamba mwanzo kilikuwa hakipo. Nami nikawa karani mkuu. Nilikaa pale mpaka karibu na mwisho wa miaka ile ya themanini, nikiandikisha wafanyakazi wapya kila kiangazi.

Kiangazi kimoja alikuja mwanamke kijana, akasema ametoka Vitengeni. Nikamuuliza kama anamjua mama mmoja mrefu aliyekatwa mguu. Akasema alikuwa shangazi yake, na kwamba walimzika mwaka uliopita. Kidonda kilirudi kikapanda juu ya goti. Nikasema Mungu amrehemu. Nikamwandika jina. Kisha nikamwambia avue ndara zake anyanyue miguu yake, mmoja mmoja, juu ya benchi, nione kama ina nyufa.